Jina Nililotaja Juu ya Chai

Kindu, Jumapili, baada ya alasiri

Aziza wangu,

Umevuka mto kwenda Alunguli kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule, ule tena, na upewe cha kubeba. Kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Nimekaa mlangoni, ubao wa kukandia unga njo meza yangu leo, na kila mtu anayepita njiani namtazama miguu kwanza, nione kama ni wewe. Nataka barua hii iwe imekunjwa na kulala kati ya vitenge vyako kabla hujarudi. Nikikuona uso sitaimaliza.

Kesho pale stesheni nitakuambia iko wapi. Uisome ndani ya treni, nyumba za mwisho za Kindu zikishapita, na uimalize kabla ya kufika Kibombo. Uimalize yote. Treni yetu haina haraka, muda utakuwa nao.

Mambo ya chandarua na kwinini nimekwisha kukuambia mpaka ukanicheka. Hayo sitarudia. Naandika kwa sababu naogopa. Naogopa treni isije ikalala porini. Naogopa askari wanaofungua masanduku ya wasichana na kushika nguo moja moja. Naogopa lile darasa lako jipya, watoto arobaini mbele yako, kila mtoto na baba yake, na kila neno la mwalimu linarudi nyumbani pamoja na daftari. Lakini hofu hizo nimezizoea, mama yeyote wa Kindu analala nazo na kuamka nazo. Hofu inayonifanya niandike ni ya mlango wa nyumba utakayofikia.

Unakwenda kukaa kwa mama mudogo Zaina. Unamkumbuka kidogo: yule mwanamke mrefu tuliyeuza naye chai, aliyekuwa akikuchotea madonge ya maziwa ya unga na kukuwekea kwenye kiganja. Ulikuwa na miaka tisa alipoondoka. Ulipouliza, nilikuambia amerudi kwao Kibombo kumuuguza mama yake. Nilikudanganya. Mama yake alikuwa amekwisha kufa zamani. Zaina aliondoka kwa ajili yangu, na sasa nitakuambia jinsi ilivyokuwa.

Mimi na yeye tulianza kuuza chai mwaka uliofuata kuzaliwa kwako. Baba yako alifanya kazi ya reli, basi alituombea nafasi chini ya bati, ng'ambo ya barabara kutoka stesheni. Zaina alikuwa na birika na mimi nilikuwa na vikombe kumi na viwili vya marehemu nyanya yangu. Yeye aliachika kwa kukosa mtoto, mimi nilikuwa na mtoto mmoja na mume anayesafiri. Tuliamka pamoja, tuliwasha moto pamoja. Watu walikuja kwetu kwa sababu ya mkono wa Zaina. Mimi nilijua kusema na wateja, yeye alijua chai.

Yeye njo alinifundisha kwamba maziwa ya unga hayamwagwi ndani ya chai inayochemka, yatafanya madonge. Unayakoroga kwanza na maji ya vuguvugu kidogo, mpaka yawe kama uji mwepesi, halafu unayatia polepole huku kijiko kinazunguka. Asali hungoja mpaka kikombe kinashikika mkononi, la sivyo harufu yake yote inapanda na mvuke. Sukari aliitia ndani ya birika, majani yakiwa yangali yanacheza, kwa sababu wateja wetu walikuwa watu wa kazi na hakutaka mtu aone aibu ya kuongeza kijiko cha nne mbele ya wenzake. Alisema chai ya mtu aliyebeba magunia haiulizwi vijiko.

Kisha zikaja zile siku. Maduka ya wageni yalipewa watu wetu, watu wetu wakauza yaliyokuwa ndani, na milango ikafungwa. Wewe unakumbuka furaha tu, maana mlifundishwa nyimbo na ngoma za animasyo, zile za kusifu wakubwa, na mkapewa vitambaa vipya. Mimi nakumbuka mbao tupu za duka, zinavyonuka sabuni ambayo haiko tena. Chumvi ilipotea, ikarudi. Sukari ilipotea na haikurudi. Maziwa ya kopo yalikuja mara moja kwa treni, na tangu hapo hayakuja.

Zaina hakufunga. Alikwenda kwa wakulima wa njia ya Kailo, akarudi na miwa. Tuliipondaponda kwenye kinu, tukaikamua kwa kitambaa, tukachemsha yale maji mpaka yakawa na rangi ya kahawia, tukatilia chai utamu kwa hayo. Wateja walilalamika siku mbili, ya tatu wakaizoea. Lakini alinionya, na hili ulishike vizuri kwa sababu njo mzizi wa habari yote. Maji ya miwa huchacha upesi kwa joto letu. Ya asubuhi, mchana yamekwisha kuanza. Ulimi unaweza usiyagundue, hasa pakiwa na tangawizi, lakini maziwa yanagundua. Ukitia maziwa juu ya maji ya miwa yaliyochacha, maziwa yanakatika. Yanakuwa vipande vyeupe, na chai chini yake inabaki maji ya rangi ya mto.

Sisi hatukuwa na maziwa, kwa hiyo onyo halikuwa na kazi. Ila mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeficha kopo moja chini ya kitanda, la mwisho, na hata Zaina hakujua.

Siku moja tuliambiwa mukubwa wa serikali anapita. Sitamtaja jina, na wewe usimtafute. Alikuwa anatoka mbali, anakwenda mbali, na alipaswa kusimama Kindu kwa muda wa saa moja ili aangalie stesheni. Tangu asubuhi watu walipangwa kando ya reli. Wamama wa animasyo upande huu, watoto wa shule upande ule, na wewe ulikuwa mstari wa mbele na kitambaa kichwani. Mkubwa wa stesheni alikuja kwetu mwenyewe, jasho linamtiririka ndani ya koti lake la abakosti, akasema mgeni lazima apewe chai. Chai nzuri, akasema, siyo hii ya wabeba mizigo.

Zaina alikamua miwa saa moja ya asubuhi. Ilisemwa mgeni atafika saa nne. Saa nne ikapita, ikaja saa sita, ikaja saa nane. Mlikuwa mnaimba na kunyamaza, mnaimba na kunyamaza. Watoto wawili walianguka kwa jua. Nilikuletea maji mara mbili na mwalimu wako akanifukuza.

Treni yake ilipolia kwa mbali, Zaina alionja maji ya miwa kwa kidole. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema habari ya mvua, kwamba yamekwisha kuanza kuchacha, na kwamba tumpe mgeni chai ya rangi, kavu, na asali pembeni ndani ya kibakuli, atie mwenyewe. Asali tulikuwa nayo, nzuri, ya msituni. Ingekuwa chai ya heshima kabisa.

Nikamwambia sawa. Alipovuka barabara kupeleka mikate, mimi nilitoa kopo langu.

Aziza, nimejiuliza miaka kumi ni kwa nini. Jibu lina aibu kwa udogo wake. Nilitaka mukubwa aone maziwa. Nilitaka aseme, hata hapa Kindu, katika taabu hii, kuna mwanamke anayeweza kutoa chai nyeupe. Nilitaka mkubwa wa stesheni aulize ni nani, na jina liwe langu, siyo la Zaina, maana kila siku watu walisifu mkono wa Zaina. Ilikuwa hivyo tu. Wivu wa kikombe.

Nilikoroga maziwa vizuri alivyonifundisha. Niliyatia polepole juu ya chai yenye maji yale ya miwa. Kwa muda wa pumzi moja chai ilikuwa nyeupe na ya kupendeza. Kisha ikaanza. Nilikoroga kwa nguvu ili vipande visionekane, nikachuja kwa kitambaa, na juu ikaonekana safi kidogo. Ningeweza kumwaga. Asali ilikuwa pale. Lakini nje walikuwa wanaita, chai, chai iko wapi, na mimi nikapanga vikombe kwenye sinia na kuvuka.

Walikuwa ndani ya chumba cha mkubwa wa stesheni. Mgeni alikaa, wengine walisimama. Zaina alikuwa ukutani na sahani ya mikate mikononi. Niliweka kikombe mbele ya mgeni. Nilipogeuka kuwapa wengine nikasikia kijiko kinagonga kikombe, halafu hakigongi tena.

Hakupaza sauti. Nadhani angepaza sauti ningeogopa kidogo kuliko vile. Alikiinua kikombe, akakitazama, akaonja kwa ncha ya mdomo, akatema ndani ya leso. Mtu wake mmoja akasogea akafunga mlango. Wakati ule watu walikuwa wanasikia habari za sumu kila mahali, na wakubwa njo walizisikia zaidi. Akauliza:

"Nani njo alipika hii chai?"

Nilikuwa karibu naye kuliko wote. Sinia ilikuwa bado mkononi mwangu. Alinitazama mimi. Na mwanangu, sikufikiri. Watu watakuambia mtu hufanya dhambi baada ya kupima. Mimi sikupima kitu. Mdomo wangu ulifunguka na likatoka jina moja.

"Zaina," nikasema. "Zaina, yule pale."

Sikusema uongo mwingine. Haukuhitajika.

Zaina alinigeukia. Alingoja. Aliningoja kwa muda mrefu, au mimi naona ulikuwa mrefu, ili niendelee kusema, niseme hapana, niseme maziwa ni yangu. Yule mtu wa mlangoni akamuuliza kama ni kweli. Zaina akajibu kwa sauti iliyokauka: "Miwa njo mimi nilikamua."

Hilo lilikuwa la kweli. Wakalichukua kuwa jibu la yote. Wakamtaka anywe kile kikombe mbele yao, akanywa. Wakamtaka anywe vikombe vingine vya kwenye sinia, akavinywa vyote vinne. Hakufa, lakini hakuna aliyesema basi imekwisha. Walimpitisha mlango wa nyuma. Nje mlianza kuimba tena, kwa sababu mliambiwa muimbe.

Nilikuchukua kwa mkono tukarudi nyumbani. Uliniuliza kwa nini natembea haraka.

Baba yako aliporudi jioni nilimwambia yote, kama ninavyokuandikia. Alikuwa mtu wa maneno machache, unajua. Alikaa na viatu miguuni. Kisha akasema, "Kesho uende ukaseme ni wewe." Nikasema nitakwenda. Asubuhi nilivaa, nikafika mpaka kona ambapo naweza kuona ile ofisi walikomfungia Zaina, nikamwona askari mlangoni anachokonoa meno. Nilisimama pale mpaka jua likanifika kichwani. Nikarudi. Siku ya pili nilifika kona ile ile. Siku ya tatu sikuvaa.

Baba yako hakurudia kusema. Lakini tangu siku ile mpaka alipokufa hakunywa tena chai yenye maziwa ndani ya nyumba yangu. Wewe ulidhani ni tumbo lake. Nilikuacha udhani.

Na mimi, siku ya nne, nilifungua. Nilitumia birika la Zaina. Wateja waliuliza, na mara ya kwanza nilisema sijui. Mara ya pili nilisema kulikuwa na bahati mbaya. Mwisho wa juma nilijisikia nikisema kwamba Zaina siku zote alikuwa mzembe kidogo na miwa yake, nilikuwa nimemwonya. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, laini, ya kuaminika, na mteja akatikisa kichwa kwa huruma. Ulikuwa karibu, unaosha vikombe. Sijui kama ulisikia. Njo maana nakuambia kwamba jina lile moja stesheni halikuwa baya kuliko yote. Lile lilitoka kwa hofu. Haya mengine niliyasema nikiwa nimetulia, jua linawaka, hakuna mtu aliyefunga mlango.

Walimshika siku ishirini na moja. Aliporudi hakuja kwangu. Alikwenda kwa jirani mmoja, akalala siku mbili, akaagiza birika lake. Nililipeleka mimi mwenyewe, nikaliweka mbele ya mlango wa jirani, nikaondoka bila kubisha. Kesho yake alipanda treni. Sikio lake la kushoto halisikii tangu wakati huo. Ukizungumza naye, simama upande wa kuume, na usipaze sauti kama watu wanavyofanya, hapendi.

Miaka sita ikapita. Usidhani nililia kila siku. Mtu anazoea. Nilijitengenezea maneno ya kunilaza. Nilijiambia kwamba Zaina alinyamaza kwa upendo. Alikuona wewe kupitia dirisha, mstari wa mbele na kitambaa chako, akajisemea, mama huyu ana mtoto, mimi sina, wacha niende mimi. Nilipenda sana maneno hayo. Yalimfanya yeye mtakatifu, na mimi yalinifanya mtu aliyeokolewa, siyo mtu aliyemtupa mwenzake.

Baba yako alipokufa, wenzake wa reli walinipa nafasi ya kusafiri mara moja mpaka Kongolo kumuona kaka yangu. Nilishuka njiani, Kibombo. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na sukari, maana wakati ule ilikuwa imerudi, na kopo la maziwa, zawadi za kumpelekea kaka yangu. Niliuliza nyumba yake, mtoto mmoja akaninyooshea kidole tu.

Alikuwa anapepeta mchele uani. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza weupe. Aliniona, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema karibu, kama unavyomkaribisha mgeni yeyote wa njia, akaweka birika motoni. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na zile zawadi magotini. Niliogopa kuliko siku ya stesheni. Siku ile sikujua ninaogopa nini, na sasa nilijua kabisa.

Alimimina chai ndani ya kikombe kimoja. Kavu, nyeusi, haina kitu. Akakiweka mbele yangu. Akachukua sukari yangu na kopo langu kutoka magotini, akalifungua kwa kisu, akaviweka kando ya kikombe pamoja na kijiko.

"Tia mwenyewe," akasema. "Mimi siko natilia mutu tena."

Nilishika kijiko, kikagonga kando ya kikombe. Nikakiweka chini. Nikaanza kusema. Nilisema kopo lilikuwa langu, nilisema niliona maziwa yamekatika na bado nikavuka barabara, nilisema ile kona na yule askari, nilisema hata niliyowaambia wateja, ambayo yeye hakuyajua. Nilipofika mwisho nilimshukuru. Nikamwambia najua alinyamaza kwa ajili ya Aziza.

Hapo njo alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Hapana," akasema. "Usinibebeshe hiyo. Nilikuwa naogopa sawa weye. Sauti haikutoka. Ingetoka, ningekutaja, na Aziza yako angebaki bila mama. Kule ndani nilikutaja mara nyingi. Hawakuandika, juu ya kuwa walikwisha kupata mutu wao."

Tulikaa. Chai ikapoa. Alikuwa ameninyang'anya kitu pekee nilichokuwa nikilalia. Lakini unajua, nilipotoka pale nilikuwa nimepumua. Miaka sita nilikuwa nikidhani nimemkosea malaika, na malaika humrudishii kitu. Kumbe nilimkosea mwanamke kama mimi.

Hakuniambia amesamehe. Nilipoinuka alisema tu kwamba treni ya kurudi hupita Alhamisi. Tangu hapo namtumia habari kwa mikono ya wafanyakazi wa reli, naye mara moja au mbili kwa mwaka hujibu. Mwaka jana aliniletea mchele. Niliupika peke yangu siku uliyokuwa shule.

Sasa umepewa kazi ya ualimu, na kati ya miji yote umepewa Kibombo. Uliposoma ile karatasi kwa furaha nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta. Hatuna ndugu kule. Msichana wa miaka kumi na tisa hawezi kukaa peke yake, na yule mkubwa wa shule aliyejitolea kukupa chumba kwake sikupenda macho yake alipokuja hapa. Nyumba niliyoweza kuiamini ilikuwa moja tu. Nikamwandikia Zaina. Nilingoja majibu wiki tatu, na kila treni ilipoingia nilivuka barabara kuuliza.

Kabla sijakuambia alichojibu, nikuachie neno moja, siyo amri, maana sina uso wa kukuamuru. Iko siku watakuuliza. Labda ndani ya chumba cha walimu, labda mbele ya mtu mwenye kalamu na daftari, labda kwa tabasamu, huku unakaribishwa kiti na soda. Nani alisema hivi? Nani hakuja kwenye animasyo? Nani alimfundisha mtoto wimbo huu? Utaogopa, na sikukatazi. Mimi bado naogopa, naogopa hata karatasi hii. Lakini nimejifunza kwamba jina la kwanza ambalo hofu inakuletea mdomoni karibu siku zote ni la mtu unayempenda, kwa sababu njo aliye karibu. Likija, lifungie meno. Uanguke, uzimie, ukohoe, umwage kitu, uonekane mjinga. Kuonekana mjinga hakuna aibu. Ukishindwa, na unaweza kushindwa, kwa maana wewe ni damu yangu, basi rudi kesho yake. Usifike kona ukarudi. Mimi nafikiri ningekwenda siku ile ya kwanza labda wangenipiga, labda wangetushika wote wawili, sijui. Lakini ningekuwa nimekaa naye ndani.

Sasa naona jua limeanza kuwa jekundu, na upande wa mto nasikia wapiga kasia wa pirogi wanaita abiria wa mwisho. Lazima uko njiani.

Majibu ya Zaina yalikuwa mafupi. Alimpa mfanyakazi wa reli kwa mdomo, hakuandika, na yule bwana akanirudishia neno kwa neno bila kujua maana yake: "Mutoto alete. Chumba iko. Lakini asikuje bila kujua. Mama yake amwambie yeye mwenyewe, yote, asiache kitu. Sitaki kukaa na mutoto nyumbani na kuchunga mudomo yangu kila siku. Na akisha kujua, kama hataki tena kuingia kwangu, au kama hataki tena kumwita yule mama, hiyo ni yake."

Basi nimekuambia. Yote, sikuacha kitu. Sijui utashuka kwenye treni ukiwa mtoto wa nani. Hilo njo ninaloliogopa kuliko askari, kuliko msitu, kuliko mukubwa yeyote, na hakuna kona nitakayosimama safari hii.

Zaina atakuwa stesheni ya Kibombo, amevaa kitenge cha kijani. Hatakuuliza habari ya safari. Atakuuliza kama umesoma. Umwambie ndiyo, upande wa kuume, halafu umwambie lolote utakalotaka juu yangu, naye ataniletea, hata likiwa kali. Nitakuwa hapa.

Ni mimi,
mama yako